Amelala, Msimwamshe

Ukitaka kujua harufu ninayoichukia kuliko zote duniani, chukua naylon, iache juani ndani ya gari lililofungwa vioo, ongeza maziwa ya mtoto yaliyochachuka, mbwa mwenye manyoya marefu, na mafuta ya nywele ya mwanamume anayejipenda. Hiyo ndiyo harufu ya Pijo la shemeji yangu. Gari lenyewe liliishia kuwa banda la kuku zamani sana, lakini harufu yake bado ninayo. Inanijia kila nikifunguliwa mlango wa gari lililoshinda juani, hata liwe la mtu wa heshima, nami hulazimika kusimama nje kwanza nikijifanya natafuta miwani.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Sisi ni watu wa Qurus, kijiji cha jirani na Karatu, wakulima wa mahindi na maharage na ngano kidogo. Yeye alikuja Karatu kutoka Kilimanjaro akiwa na baiskeli na mzani, na haikupita miaka mingi akawa na duka, kisha tenda ya kupeleka nyama kwenye hoteli za watalii kule juu Kreta, penye bonde la wanyama. Sina ugomvi na bidii yake. Ugomvi wangu ni na lile gari.

Alilinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Lilikuwa Pijo 404, lile lenye nafasi ndefu ya mizigo nyuma, jeupe, na pamoja nalo mzungu aliacha mbwa, kwa kuwa hakuwa na pa kumpeleka. Dume kubwa, rangi ya majani makavu, masikio yameanguka, manyoya mpaka kwenye vidole. Maisha yake yote mbwa huyo alikuwa amepanda gari lile vioo vikiwa wazi, kichwa nje, ulimi unapepea. Karatu nzima ilimjua hivyo. Mzungu mwenyewe alikuwa akishuka garini na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, akajipangusa na kofia, akaingia dukani kununua betri za redio.

Shemeji hakutaka vumbi. Wiki ileile alipolipata gari alilipeleka Arusha kwa fundi, likarudi viti vyote vimeshonewa naylon nene inayong'aa kama sahani. Vumbi la kwetu wakati wa kiangazi ni laini kama unga. Linaingia mpaka kwenye sanduku la nguo za kanisani. Shemeji aliapa kwamba kwake halitaingia. Vishikio vya kushushia vioo vya milango ya nyuma alivifungua kwa bisibisi, akavitia kwenye droo ya dashibodi, eti watoto wa majirani wasivichezee. Kuanzia hapo vioo vya nyuma vikawa sehemu ya ukuta. Na wakati ule mtu mwenye gari lake binafsi Karatu alikuwa kama askofu: ukipewa lifti unashukuru, huulizi habari za hewa.

Mimi nilikuwa nasoma chuo kikuu Dar es Salaam, na nilikuwa nimerudi likizo na suruali ya bugaluu, iliyotanuka miguuni, na viatu vya raizoni, vile vyenye soli kama tofali. Nilidhani Qurus yote inanitazama. Ilikuwa inanitazama kweli, kwa sababu kwenye njia zetu za ng'ombe nilitembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nilijua mambo mengi kwa maneno marefu, na hakuna aliyekuwa amenidhuru kwa sababu ya hayo, maana mama yangu alikuwa ameomba majirani wanivumilie.

Dada alikuwa amejifungua miezi michache nyuma. Alikuwa amemngoja mtoto huyo kwa muda mrefu. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla yake, na kwa kila moja ya hizo nilimwona dada akirudi Qurus kukaa jikoni kwa mama, akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Sasa alikuwa na binti, mnene, mwenye mashavu, aliyeanza kucheka na kila mtu, hata na picha ya kalenda. Dada hakumweka chini. Alikuwa akimbeba hata anapokula, na chakula kikimdondokea mtoto kichwani analamba yeye mwenyewe.

Siku ninayoikumbuka, shemeji alikuwa anakwenda mnadani Olbalbal kununua mbuzi wa hoteli. Mbuzi wangefuata kwa lori la mwenzake. Kwa hiyo gari lilikuwa na nafasi, na akaona ni vema familia itembezwe. Kutembezwa maana yake ilikuwa kuonyeshwa watu. Mbwa naye alitakiwa, kwa sababu shemeji alikuwa amegundua kwamba mfanyabiashara mwenye mbwa mkubwa wa kizungu hapunguziwi heshima.

Mama alikuja Karatu alfajiri kumfunga mtoto. Nasema kumfunga kwa sababu ndivyo tulivyofanya watu wa nyanda za juu. Asubuhi za kwetu zinauma masikio, na kila bibi anamjua mtoto aliyekwenda kwa kichomi. Mtoto mchanga hufunikwa mpaka pua, na upepo ni adui anayetajwa kwa sauti ya chini. Binti yule alivalishwa fulana, sweta, soksi mbili mbili, na kofia nyekundu ya sufu iliyofumwa na mama mzaa baba na kutumwa kwa basi kutoka Moshi. Juu yake shali. Mama akamtazama dada usoni na kusema, "Kule Kreta kuna ukungu. Kioo kisifunguliwe."

"Umesikia?" shemeji akamwambia mkewe, akiwa amefurahi kupata wa kumuunga mkono.

Na kule juu mama alikuwa amesema kweli. Tulipopanda msituni na kufika ukingoni, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba shemeji aliwasha taa na kuendesha akiwa ameegemea usukani kama anayesoma maandishi madogo. Mtoto alilala shavu jekundu juu ya kifua cha mama yake, mbwa alipumua, vioo vikafunga ukungu kwa ndani pia. Nilijisikia salama. Hata harufu, kwa baridi ile, ilikuwa haijaamka.

Kisha barabara inageuka na kuanza kuteremka upande wa pili, na asiyepajua hapo hawezi kuamini. Ni kama kutoka ghalani kwenda kwenye meko. Ukungu unabaki juu kama kofia iliyoachwa kwenye msumari, miti inakwisha, majani yanakwisha, na chini unaona Olbalbal, tambarare, rangi ya mkate, na vumbi likitembea peke yake. Jua liliingia kwa kioo cha mbele na cha nyuma kwa pamoja. Naylon ikaanza kunata. Suruali yangu ya bugaluu ilishikamana na kiti, na kila nilipojisogeza ilitoa sauti ambayo shemeji aliielewa vibaya.

"Umekula maharage ya mama yako, eh?"

Mbwa ndiye aliyeanza kuhangaika. Alikuwa nyuma yetu, kwenye nafasi ya mizigo, na alijua gari lile kuliko sisi. Alipitisha kichwa kati yangu na dada, akaweka pua kwenye kioo pale ambapo miaka yote kulikuwa na upepo, akangoja. Kioo hakikushuka. Akakilamba. Akalamba tena kutoka chini kwenda juu, mpaka ute ukateremka kwenye mlango na kunidondokea gotini. Ulikuwa mzito na wa moto. Nilijikunja pembeni kwa kinyaa, na nikaona sasa ni wakati wa elimu yangu kutumika.

"Shemeji, tushushe kioo kidogo cha mbele. Unajua, mwanga wa jua unapita kwenye kioo bila shida, ila ukishagonga vitu humu ndani unageuka kuwa joto, na lile joto haliwezi kupita kioo kurudi nje. Kwa hiyo kadiri tunavyokaa—"

"Profesa," alisema bila kugeuka, "hiyo elimu yako inafua viti?"

Dada akacheka. Nami nikacheka, na mhadhara ukaishia hapo.

Baada ya kona chache dada alisema taratibu, "Baba watoto, mtoto anatoka jasho."

"Jasho ni afya. Upepo ndio ugonjwa. Si mama yako mwenyewe kasema?"

Mama alikuwa amesema. Dada akampangusa mtoto paji la uso kwa pembe ya khanga, akairudisha kofia mahali pake.

Mnadani palikuwa na zizi la miti, malori mawili, na ng'ombe, mbuzi na watu kadiri macho yanavyofika. Hapakuwa na mti hata mmoja. Shemeji alisimamisha gari mbali kidogo na zizi ili mbuzi wasijikune kwenye rangi. Alikuwa ameshusha kioo chake kidogo ili asalimie, na watu wakaja, kwa kuwa gari jeupe lenye mbwa ndani si kitu cha kila siku. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kimaasai, koko kama wanavyoita wao, aliyekuwa anapita na punda mwenye madumu ya maji. Alimwona mtoto, uso ukamfunguka wote, akapitisha mikono dirishani. Kisha akajitemea kwenye kiganja.

Wamaasai humbariki mtoto kwa mate. Nilikuwa nimeandika insha nzima juu ya jambo hilo, yenye maneno kama "ishara" na "jamii", na mwalimu wangu aliisifu. Nilipokiona kiganja chenyewe kinakuja, chenye vumbi na mng'ao wa mate, nilirudi nyuma mpaka naylon ikalia.

"Atamtemea mtoto," shemeji alisema, na akazungusha kioo juu upesi hivi kwamba koko alilazimika kuchomoa vidole vyake. Yule bibi alisimama pale nje, kiganja bado kimeinuliwa, akitutazama kupitia kioo kama mtu anayetazama samaki. Kisha akajipangusa kwenye shuka yake na kumfuata punda wake.

"Wewe kaa humo na mtoto," shemeji alimwambia dada. "Nje ni nzi na mate. Na ukishuka, bonyeza kufuli kabla hujafunga mlango, wasije wakafungua. Profesa, twende ukanisaidie kuchagua mbuzi."

Yaliyotokea garini nilisimuliwa na dada baadaye, mara moja tu, naye hakurudia tena.

Mtoto alilia. Dada alimnyonyesha, akalia tena. Nje nzi walikuwa wametanda kwenye kioo kama mbegu, na alipofungua mlango kidogo waliingia na kwenda moja kwa moja kwenye macho ya mtoto, akafunga. Vioo vya nyuma havikuwa na vishikio. Alimwimbia. Mtoto akalia kwa sauti ndogo zaidi, kisha ndogo zaidi, kisha akanyamaza. Dada alishukuru. Mama yeyote aliyebeba mtoto anayelia atalielewa hilo. Akamlaza kwenye kiti, akamfunika shali dhidi ya nzi, na akahisi haja aliyokuwa ameibana tangu Karatu.

Kwenye tambarare ile mwanamke hana pa kujificha. Kulikuwa na korongo, lakini mbali kuliko lilivyoonekana. Alishuka upesi ili nzi wasiingie, akabonyeza kufuli kama alivyoagizwa, akasukuma mlango, akaenda. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemeji, na shemeji alikuwa katikati ya zizi ameinamia mdomo wa beberu.

Biashara ya mbuzi kwa Wamaasai haiendeshwi kwa haraka. Mzee mwenye beberu alikuwa ameshika rungu chini ya kwapa na alikuwa anazungumzia mvua. Shemeji naye akazungumzia mvua. Walikuwa wamefika kwenye mvua ya mwaka juzi tuliposikia honi.

"Msikie dada yako," shemeji aliniambia. "Hana subira hata kidogo."

Honi ikalia tena, ndefu, ikakatika, ikalia fupi, kisha ndefu mno. Haikuwa na adabu yoyote. Mzee akauliza kitu, mwenzake akajibu, wakacheka.

"Wanasema mke wangu ananiita kama ndama," shemeji alisema, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Nenda kamwambie aache. Ataua betri."

Nilikwenda na raizoni zangu, nikipinda vifundo kwenye alama za kwato zilizokaukia ardhini. Kabla sijafika niliona watu wamelizunguka gari wanacheka mpaka wengine wameshikana mabega. Mbwa alikuwa ameruka viti akaingia mbele. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, miguu ya mbele juu ya usukani, anakwaruza kioo, na kila mguu ulipoteleza kwenye duara la honi, Pijo lililia.

"Dereva anaita abiria," kijana mmoja alisema kwa Kiswahili, ili nami nifurahi.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilichekesha kwa muda mfupi sana. Kisha nilikaribia, nikaona ute umefunika kioo chote kwa ndani kama uji uliomwagika, na ulimi wa yule mnyama umegeuka zambarau, na macho yake yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Dada alitokea upande wa pili, anarudi, naye anatabasamu kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka. Akashika mlango. Haukufunguka. Akakumbuka kufuli, na bado tabasamu lilikuwepo, limesahaulika usoni. Akaweka viganja kwenye kioo na kutazama ndani. Shali ilikuwa imeanguka. Mtoto alikuwa amelala chali kwenye naylon, kofia nyekundu kichwani, uso mwekundu kama kofia, mdomo wazi. Hapakuwa na jasho tena. Honi ile yote, na hakuwa amejitikisa.

"Amelala," mtu mmoja alimtuliza dada. "Usimwamshe."

Dada alisema, "Hajalala."

Kisha akanigeukia. "Ufunguo."

Nilivua raizoni na kukimbia bila viatu. Shemeji alikuwa bado na beberu. Nilimwambia mlango umefungwa, mtoto yuko ndani, haamki, toa ufunguo.

"Haamki vipi? Si amelala. Msimwamshe, maana akianza..." Mkono mmoja ulikuwa kwenye pembe, wa pili ukaanza safari ya kwenda mfukoni, polepole, kama mtu anayetafuta leso. "Nakuja. Namalizana na mzee hapa."

Ndipo tukasikia kioo kinapasuka.

Shemeji alimwacha beberu na kukimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya hapo. Nilikuwa nyuma yake, karibu, na nilimsikia akisema alipokuwa anakimbia: "Kioo changu. Kioo changu." Labda hakujua anasema nini. Mdomo wa mtu aliyeshtuka unaweza kutoa neno lolote lililo karibu. Nimejaribu kumpa nafasi hiyo kwa miaka mingi, na kila nikimpa, kinywa changu kinajaa maji machungu, kama mtu aliyeng'ata mende kwenye wali.

Dada alikuwa amenyakua rungu la kijana yule aliyetania dereva na abiria. Alipiga kioo cha mlango wa nyuma, akapitisha mkono kati ya vipande, akavuta kufuli. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye kiwiko na hakuitazama. Mlango ulipofunguka harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma yake. Watu waliokuwa karibu walirudi hatua. Naylon, maziwa, mkojo wa mbwa, matapishi ya mbwa. Mbwa mwenyewe alianguka nje na kulala ubavu. Dada aliingiza nusu ya mwili wake katika ile harufu na kutoka na mtoto.

Nilimgusa. Alikuwa wa moto kama kiazi kilichofukuliwa majivuni, na mkavu, na shingo haikushika kichwa.

Koko alikuwa ameshafika na dumu. Hakuomba ruhusa. Aliing'oa ile kofia, akavua sweta kwa kulivuta kama anayechuna, soksi, fulana, vyote chini. Watu wawili walivua mashuka yao na kuyashika juu kwa mikono ili kuweka kivuli. Koko akajaza maji mdomoni na kumpulizia mtoto kichwani, kifuani, mapajani, maji yakitoka kama manyunyu. Akajaza tena. Upepo wa Olbalbal, ule tuliokuwa tumeufungia nje siku nzima, ulipita juu ya ngozi iliyolowa.

"Usimtemee mtoto wangu," shemeji alisema. Alikuwa amefika anahema, ufunguo mkononi.

Koko aliuliza amesema nini. Kijana mwenye rungu akamtafsiria. Koko akamaliza kupuliza maji aliyokuwa nayo mdomoni, kisha akajibu bila kumtazama shemeji.

"Anasema haya ni maji," kijana akaeleza. "Mate atampa akipona."

Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa amepiga magoti, mtoto juu ya mapaja yake, na midomo yake inatembea. Nilidhani anasali. Nilipoinama nilisikia anahesabu majina, yale aliyokuwa amewachagulia wale wawili ambao hawakuzaliwa, kisha la huyu, kisha anarudia, kama anayewaomba wale wasimwite mwenzao.

Koko akapuliza tena. Mtoto akashika pumzi, akakwama, mkono mmoja ukajikunja. Kisha akatapika, maziwa yaliyoganda kama jibini, yenye uchungu wa nyongo, juu ya khanga ya mama yake na mguu wangu mtupu, na kutoka nyuma ya matapishi hayo ukaja mlio mbaya, mkwaruzo tu, mlio wa paka aliyekanyagwa. Sijawahi kuguswa na kitu kichafu kiasi kile nikatamani kisifutwe. Dada alimwekea titi mdomoni. Alilikataa. Alilikataa tena. Kisha akalishika.

Kijana mwenye rungu alitoa sime na kukibandua kifuniko kimoja cha gurudumu, kile cheupe kinachong'aa ambacho shemeji alikisugua kila Jumamosi kwa majivu na limau. Akakilaza chini, na koko, ambaye maji yake yalitoka mbali kwa mgongo wa punda, akamimina ndani yake kwa ajili ya mbwa. Mbwa alikunywa akiwa amelala.

Shemeji alikuwa anaokota vioo. Alivikusanya vipande kwenye leso yake kimoja kimoja, vikubwa kwanza, kama vingeweza kuungwa. Alipojaza leso akasimama, akamwangalia mkewe, akaangalia viti.

"Nani amevunja?"

"Mimi," dada alisema.

Akanipa mtoto. Akaokota ile kofia ya sufu kutoka chini, akaingia garini, akafutia matapishi ya mbwa kwenye naylon, taratibu, mshono kwa mshono, akaitupa kwenye vumbi. Kisha akambeba mtoto mpaka kwa koko na kumwinamisha kichwa kidogo, kitupu, kilicholowa. Bibi yule akatema kiganjani, akampaka kwenye paji.

"Mwambie aongeze," dada alimwambia kijana.

Tulirudi dada akiwa amekaa mbele, kioo cha upande wake kimeshushwa mpaka mwisho, mtoto kifuani. Mimi nilikuwa nyuma kando ya tundu, na mbwa alinipanda mapajani ili kichwa chake kitoke nje. Sikumwondoa. Vumbi liliingia kama limealikwa.

"Atapata kichomi," shemeji alisema tulipoanza kupanda.

"Endesha."

"Mama yako mwenyewe alisema—"

"Endesha, baba watoto."

Ukingoni ukungu uliingia ndani ya gari na kukaa nasi. Dada alimtia mtoto ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi, akafunga khanga juu. Karatu tulipitia zahanati. Muuguzi alimsikiliza mtoto kifua, akamminya utosi, akasema aendelee kunyonyeshwa bila kungoja alie, na arudishwe kesho. Alisafisha mkono wa dada. Akauliza ilikuwaje. Shemeji akamweleza kuhusu jua la Olbalbal, lilivyo kali mwaka huu.

Baada ya hapo alikuwa na hadithi. Nilimsikia akiwasimulia wateja dukani, ameegemea mzani. Katika hadithi hiyo mbwa alikuwa na akili ya mtu, alijua honi ni ya nini, na alimwita bwana wake. Naye bwana wake akaja mbio, akavunja. Wateja walitikisa vichwa, wakanunua sukari. Dada alikuwa ndani, nyuma ya pazia, mtoto mgongoni. Niliona pazia limetulia kabisa. Nilitoka nje nikatema mate.

Kioo hakikupatikana. Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse kioo cha mlango wa Pijo. Shemeji alibandika karatasi ya naylon, dada akaibandua. Akabandika tena, ikabanduliwa tena. Kwa hiyo binti yule alikua akipanda gari lenye tundu, amekaa kando ya mbwa, wote wawili wekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope, na viti vya naylon vikawa na rangi ya barabara. Mbwa alikufa kwa uzee. Gari likafuata.

Vile vishikio vya vioo dada alivitoa kwenye droo siku ileile tuliyorudi. Nilidhani amemrudishia fundi. Miaka ilipopita, nilimpa lifti katika gari langu la kwanza, mkweche nilioupata baada ya kuacha kuvaa raizoni na kuanza kulipwa mshahara. Alikaa, akaweka pochi mapajani, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani akanyoosha mkono, akazungusha kishikio mpaka kioo kikashuka chote, akakipandisha, akakishusha tena. Kwenye gari langu kilifanya kazi. Pochi ilikuwa wazi, na ndani, kati ya rozari na leso, niliviona vile viwili, vimepata kutu kidogo, pamoja na bisibisi.